VGA au waya wa njano?
Projekta nyingi za zamani zina matundu yote mawili ya kupokea picha: VGA ya pini 15 na RCA, tundu la duara la waya wa njano. Kwa kompyuta chomeka VGA, wala usijiulize mara mbili. Kampuni ya kompyuta ya IBM iliileta mwaka 1987. Nyekundu, kijani na bluu kila moja ina waya wake, na ishara za kupanga mistari ya picha hupita kando. Herufi ndogo zinasomeka. Waya wa njano husonga vyote hivyo katika njia moja: kwa deki ya VHS unatosha, lakini jedwali la Excel hugeuka uji. Sauti? Hakuna unaoibeba, njano huwaachia wenzake, mweupe na mwekundu. Ila VGA ndefu ya bei chee huzipa herufi vivuli.