Java 21: nyuzi pepe zimefika, pamoja na masharti yake

Toleo la 21 la Java, lugha ya kuandikia programu, lililotolewa Septemba 2023, ndilo la kwanza kwa muda mrefu kunifanya nifute msimbo badala ya kuuongeza. Sababu kubwa ni nyuzi pepe (virtual threads); uzi ni mfuatano mmoja wa kazi ndani ya programu, na programu huweza kuendesha nyingi kwa pamoja. Awali kila uzi wa Java ulifungwa kwenye uzi mmoja wa mfumo endeshi, wenye gharama yake ya kumbukumbu, hivyo seva iliyopokea maelfu ya maombi kwa pamoja ililazimika ama kuyapanga foleni au kuandikwa kwa mtindo wa mafundo, usiosubiri majibu kwa mfuatano, ambao hata mwandishi wake hushindwa kuusoma baada ya mwezi. Sasa uzi pepe unaosubiri jibu la hifadhidata huuachia uzi wa mfumo ufanye kazi nyingine, na msimbo hubaki wa kawaida, mstari baada ya mstari. Kazi ya hesabu nzito, hata hivyo, haipati kasi yoyote hapo.

Kasoro ipo katika toleo hili la 21. Uzi pepe unaosubiri ndani ya kizuizi cha synchronized, yaani sehemu ya msimbo inayoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati mmoja, hung'ang'ania uzi wa mfumo, na maktaba za zamani zimejaa vizuizi hivyo. Dosari hiyo ilikuja kurekebishwa katika toleo la 24, mwaka 2025.

Kikusanya taka cha ZGC, kinachofuta kwenye kumbukumbu data isiyotumika tena, kilianza katika toleo la 21 kutenganisha vitu vichanga (vilivyoundwa karibuni) na vikongwe, ingawa wakati huo ilikuwa sharti uiwashe mwenyewe hali hiyo; tangu toleo la 23, mwaka 2024, ndiyo hali ya kawaida ya ZGC. Katika maktaba za msingi, orodha hatimaye zina getLast, amri ya kuchukua kitu cha mwisho. Kwa nini tuliisubiri tangu 1998, orodha hizo zilipoingia kwenye Java, sielewi.