Mozregression: inapokupasa kujua ni lini Firefox ilianza kukiharibu kiendelezi chako

Kiendelezi (extension, programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) kinapogoma baada ya Firefox kusasishwa, ripoti inayosema "hakifanyi kazi" haina msaada. Mhandisi anataka kujua hitilafu ilianza toleo gani. Mozregression, programu huria ya Mozilla iliyoandikwa kwa Python, imetengenezwa kujibu swali hilo, na kwa watumiaji wa Linux sijaona kifaa kinachoishinda.

Ukijaribu kuisakinisha kwa pip, kisakinishi cha programu za Python, kwenye Debian 12 au Ubuntu za karibuni, utapata kosa la externally-managed-environment, kwa kuwa mifumo hiyo hairuhusu pip kugusa Python yake. Tumia pipx, ambayo huitenga programu na Python ya mfumo: pipx install mozregression.

Kabla ya kuanza, hakikisha mkosaji ni kivinjari. Mara nyingi kiendelezi nacho kimejisasisha siku zilezile, na lawama zikaangukia Firefox. Tafuta faili ya .xpi ya toleo la zamani la kiendelezi, kisha ijaribu ndani ya Firefox mpya (tarehe hapa ni za mfano, weka zako):

mozregression --launch 2024-07-01 --addon ./cha-zamani.xpi

Kikifanya kazi humo, ripoti yako ni ya mtengenezaji wa kiendelezi. Kikigoma vilevile, endelea; --good ni tarehe ambayo kilikuwa kikifanya kazi, --bad ni ambayo kilikuwa kimegoma:

mozregression --good 2024-01-10 --bad 2024-07-01 --addon ./cha-zamani.xpi

Itapakua Nightly, toleo la majaribio la Firefox linalojengwa kila siku, la katikati ya tarehe hizo na kuifungua kwa profaili mpya, kiendelezi kikiwa tayari ndani. Rudia hatua zinazoleta hitilafu, kisha jibu kwenye terminali: good, bad, au skip kama toleo lenyewe halikufunguka. Kila jibu hukata muda uliobaki nusu, hivyo miezi sita huisha kwa raundi nane hivi. Baada ya hapo hushuka hadi matoleo yanayojengwa kati ya Nightly moja na nyingine, na mwishoni hukupa kiungo cha orodha fupi ya mabadiliko yanayoshukiwa. Matoleo hayo ya kati hayahifadhiwi daima. Kwa hitilafu ya zamani utaishia kwenye siku moja tu, na hata hiyo ni kazi nzuri.

Gharama yake ni data. Kila toleo huzidi MB 50, kwa hiyo raundi nane ni zaidi ya MB 400. Anayetegemea bando abane kwanza tarehe zake, na aongeze --persist pamoja na jina la folda ili kilichokwisha kupakuliwa kisipakuliwe tena.

Jibu moja lisilo sahihi hupotosha safari nzima. Kwa hitilafu inayotokea mara moja moja, tumia retry kufungua toleo lilelile tena na tena kabla ya kuandika good. Jihadhari pia na Wayland, mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini uliokuja baada ya X11: Firefox imeanza kuitumia kwa kawaida tangu toleo la 121 la Desemba 2023. Anza amri yako kwa MOZ_ENABLE_WAYLAND=0 au =1 na usibadilishe katikati, la sivyo unaweza kufikishwa kwenye badiliko la Wayland badala ya chanzo halisi. Na kama hitilafu inahitaji mipangilio yako, tumia --profile; kifaa hufanya kazi na nakala. Usiweke --profile-persistence reuse kwenye profaili unayoitumia kila siku, maana kuifungua kwa toleo la zamani kunaweza kuharibu data.

Udhaifu mkubwa ni kwamba kwa kawaida mozregression hujaribu matoleo ya kawaida ya Linux yanayotolewa na Mozilla, si vifurushi vya Snap (vinavyotumiwa na Ubuntu) wala Flatpak, ambavyo huendesha programu ndani ya uzio. Viendelezi vinavyozungumza na programu nyingine ya kompyuta, kama kile cha KeePassXC, programu ya kuhifadhi nywila, vinaweza kukwama kwa sababu ya uzio wa Snap. Kikigoma kwenye Snap na kufanya kazi ndani ya mozregression, tatizo liko kwenye kifurushi, na ripoti iende kwa wanaokitengeneza.

Ikiwa kosa ni la Firefox, fungua ripoti Bugzilla, tovuti ya Mozilla ya kuripoti hitilafu, hitilafu moja kwa ripoti moja. Andika hatua kuanzia profaili tupu, kilichotokea na ulichotarajia. Bandika mistari ya mwisho ya mozregression kama maandishi, si picha ya skrini, kwa sababu namba ndefu za mabadiliko lazima zinakilike. Ambatisha .xpi uliyotumia, na kutoka about:support (iandike kwenye sehemu ya anwani ya Firefox) ongeza toleo la Firefox na mstari wa Window Protocol, unaoonyesha kama uko kwenye wayland, xwayland au x11.