Uzoefu wangu: gemu nilizocheza hapa Mtwara, na ile padi ya wageni

Kabla hamjanirukia: najua FC, gemu ya mpira ambayo mtaani bado tunaiita FIFA, inapendwa na watu wengi. Mimi nasema ni gemu ya hovyo. Angalau ndivyo nilivyoiona juzi kati, nimeketi kwenye benchi la banda moja la gemu upande wa Magomeni, mchezaji wangu anakimbilia kibendera cha kona kama katumwa chumvi, na mimi sijagusa kitu.

Sheria ya banda hilo ni ile ile ya mabanda yote: anayefungwa analipa, anayefunga anabaki kitini anamsubiri anayefuata. Mechi moja ni shilingi mia tano. Kwa hiyo ukipewa padi mbovu, yaani kile kidude cha mkononi cha kuchezea, hukosi raha tu, unalipishwa na kuikosa. Naomba hilo mlishike, maana hasira yangu yote na FC inatoka kwenye padi ile.

Niieleze kidogo. Zamani ilikuwa nyeusi. Kile kijiti cha kushoto cha kumwendeshea mchezaji kimevuliwa kofia yake ya mpira, kimebaki kisiki cha plastiki kinachong'aa kwa jasho la watu, wakakivisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Kitufe cha R2 kimeshikiliwa na solotepu. Betri ilishakufa, hivyo inaishi kwenye waya wa kuchajia, na waya wenyewe ukiuvuta kidogo tu mashine inaandika kwamba padi imekatika. Wakati inakuambia hivyo, mpinzani anafunga.

Nikamwambia yule kijana msimamizi, tena kistaarabu, "Mdogo wangu, hii padi inavuta kushoto."

Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Padi haina shida, maza. Shida vidole."

Maza! Mtu ana ndevu mpaka kifuani ananiita maza. Mimi ni fundi cherehani, vidole vyangu vinatunga uzi kwenye sindano usiku kwa taa ya simu, leo vije kuwa na shida kwa ajili ya Manchester City?

Nikaomba basi tubadilishane na mpinzani wangu. Akasema, "Mwenzio kaizoea ile, utamharibu mkono." Vijana wakacheka. Kulikuwa na katoto kamoja kamevaa sare za shule, kalikuwa kanasubiri zamu yake bila senti mfukoni, kakaniinamia sikioni: "Anti, hiyo ni padi ya wageni."

Kumbe ina jina! Yaani wanajua, wameipangia na kazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, na hapo mwenyeji anapona kwa mia tano yangu. Nikafungwa nne bila. La nne nilijifunga mwenyewe: nimerudisha mpira kwa kipa, kijiti kikauvuta pembeni, ukaingia taratibu huku kipa anautazama.

Ugonjwa wenyewe si wa ajabu. Ndani ya kijiti kuna vipimo vidogo vinavyosoma umekisukuma wapi. Vikilika, au vumbi likiingia, padi inaamini unasukuma hata ukiwa umeinua kidole. Hata Nintendo walishtakiwa Marekani mwaka 2019 kwa padi za mashine yao ya gemu ya Switch zenye tatizo hilo hilo, na mwaka uliofuata rais wa kampuni akaomba radhi. Rais wa kampuni nzima ya Japani kaomba radhi, wa Magomeni kaniambia shida vidole.

Haya, turudi kwenye gemu. FC kama FC, nikijilazimisha kutenda haki, ina mambo yake. Jina la FIFA waliliacha mwaka 2023 walipotoa FC 24, baada ya miaka karibu thelathini, na hakuna mtu hapa mjini aliyejali. Wanawake waliingia kwenye FIFA 16, timu za taifa 12, Twiga Stars haikuwamo lakini nilifurahi hivyo hivyo. Kwenye FC 24 wakaenda mbali zaidi: katika ile sehemu ya Ultimate Team, ya kujiundia timu yako, unachanganya wanawake na wanaume kikosi kimoja. Ningependa sana kumpanga Sam Kerr, yule mshambuliaji wa Australia, mbele ya hao waliocheka. Ila bandani nani atakuruhusu? Ni City na Madrid, Madrid na City, tangu asubuhi mpaka wafunge. Nilipotaka kuchagua timu ya wanawake, msimamizi akadai inachelewesha foleni. Basi narudia, gemu ya hovyo. Yaani si gemu, ni wanaoicheza. Na gemu pia.

Upande wa pili wa banda kuna mashine ya gemu ya zamani, PS2, imeunganishwa na TV ya chogo, hiyo wakubwa hawaitaki. Humo kuna PES 6, nayo gemu ya mpira, ya mwaka 2006. Liverpool inaitwa Merseyside Red, Chelsea inaitwa London FC, kwa sababu haki za majina hawakuwa nazo, na Adriano wa Inter akipiga shuti la mguu wa kushoto kutoka katikati ya uwanja wewe toa pesa tu. Sura za wachezaji zimekunjamana. Lakini PES unaicheza kwa mishale! Mishale ile ya pembeni, juu chini kushoto kulia, haina habari na kijiti chochote. Mchezaji ukimwambia simama, anasimama. Nilicheza pale nikasahau hasira kwa muda, nikashinda, nikabaki kitini, nikalipiwa.

Sasa utaniambia wenye PES siku hizi wametoa eFootball, ya bure, ya kwenye simu pia. Ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa na kasoro nyingi mpaka waliotengeneza wakaomba radhi, wachezaji walikuwa na macho ya kutisha. Wameirekebisha sana tangu hapo. Ninayo kwenye simu, naifungua mara moja moja. Haijanikosea, haijanipendeza.

Bora kuliko zote ni Tekken, gemu ya kupigana, na hapa sitaki ubishi. Kwenye PS2 ile kuna Tekken 5, na ndani ya diski hiyo hiyo wameweka Tekken tatu za mwanzo kama zilivyokuwa kwenye mashine za kudumbukiza sarafu. Kwa hiyo mia tano moja unaingia dunia nne. Ukitaka kumkera mtu aliyekuita maza, ingia Tekken 3, mchague Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira, kisha vile vitufe viwili vya mateke vipige bila mpango. Mpinzani amesoma mapigo yote, kakariri, wewe unamzungushia miguu tu, anakufa. Mabanda mengine Eddy wamempiga marufuku kabisa. Hapa hawajampiga, sijui kwa huruma au kwa kusahau. Na Tekken nayo ni mishale. Mnaona ninapoelekea? Gemu zote ninazozipenda ni zile ambazo padi ya wageni haiwezi kunidhulumu. Pengine FC ningeiona nzuri kama nyie, ila sijawahi kupewa nafasi ya kuiona.

GTA San Andreas naicheza kwenye simu, nyumbani, kitandani, bila kuulizwa na mtu. Ni ya 2004 na bado haijazeeka. CJ, yule unayemwendesha, ukimlisha ovyo ananenepa, ukimpeleka jimu anajaa misuli, ukimtelekeza na njaa anakonda, sijaona gemu nyingine inayojali tumbo la mtu kiasi hicho. Lakini ile kazi anayokupa jamaa mmoja humo aitwaye Zero, ya kurusha ndege ya kuchezea, yenye mafuta yanayokwisha ukiwa bado hujarudi, aliyeibuni alikuwa na kinyongo na binadamu. Kwenye kioo cha simu ni mbaya zaidi maana kidole gumba kinafunika unachotaka kukiona. Niliiacha hapo hapo. Siku hizi nazunguka tu mji wake wa Los Santos na baiskeli, naangalia jua linazama, nasikiliza redio za garini za watu.

Free Fire ni nzuri kwa simu ya kawaida, haidai makubwa. Mnashuka watu 50 kisiwani kwa parachuti, eneo linapungua, anabaki mmoja, na kwa dakika kumi hivi imekwisha. Tatizo langu na Free Fire linaitwa wateja. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza, mji unapata pesa na kila mtu ana harusi. Nimejificha nyuma ya jiwe, tumebaki watano, natweta, simu inaita: "Fundi, gauni langu?" Skrini inageuka, ukirudi umeshauawa na mtoto wa darasa la sita ambaye hata sauti haijavunjika, anakutukana kwa kupitia maiki. Siwezi kuilaumu gemu kwa hilo, lakini nailaumu.

Candy Crush nilifuta. Inakupa maisha matano, yakiisha moja linarudi kila baada ya nusu saa, na mimi si mtu wa kusubirishwa na pipi. Ludo King basi, kwenye msiba au foleni ya hospitali, inasaidia.

Narudi bandani, samahani, bado sijamalizana nao.

Nikasema moyoni, tatizo padi, suluhisho padi. Nikatafuta ya mtumba, nikaipata kwa bei ya mishono ya siku nzuri, nikaijaribu kwa jirani mwenye PS4: ukiinua kidole, mchezaji anasimama wima. Raha. Nikaifunga kwenye kipande cha kitenge, nikaenda nayo jioni, watu wamejaa.

Msimamizi akaiangalia kama vile nimemletea nyoka. "Padi za nje haturuhusu."

"Kwa nini?"

"Zinaingiza virusi kwenye mashine."

Virusi! Padi! Kitu cha vitufe na waya! Nikamuuliza virusi hivyo vinapitia wapi, kwenye pembetatu au kwenye duara? Akaona watu wanaanza kunicheka upande wangu, akabadilisha: haya, unaweza kuchomeka, ila kuna ada ya kuchomeka, mia mbili kila mechi. Kwa hiyo padi yake mbovu ni bure, padi yangu nzima nailipia. Mzee mmoja mvuvi, hucheza mara moja moja akisubiri maji, akasema, "Mwanangu, mlipe yaishe." Baba yangu, siwezi. Ningelipa siku ile, leo ingekuwa mia tano.

Nikacheza. Ndiyo, nililipa hiyo mia mbili, msinitazame hivyo, nilikuwa nimeshakaa. Nikaongoza mbili moja dhidi ya yule yule wa nne bila, City yangu inapita kila mahali, kijiti kinanitii. Gemu tamu jamani! Mpira unapita pale ninapotaka, mchezaji anageuka nami, nikaanza kuelewa kwa nini watoto wanaiba hela za mboga. Dakika ya themanini umeme ukakatika. Gesi inatoka Msimbati pale, mkoa huu huu, inachukua bomba inasafiri mpaka Dar es Salaam kuwasha taa za watu, na mimi dakika ya themanini nimekaa gizani na padi mkononi. Kila banda nilikowahi kuingia, umeme ukikatika aliyekuwa anaongoza ndiye mshindi. Msimamizi akatangaza mechi imefutwa, kila mtu alipe nusu. Na ada ya kuchomeka? "Hiyo haihusiani na umeme, maza."

Kwa hiyo tathmini yangu. Banda, nyota moja, na hiyo moja nampa kale katoto ka sare. FC, mwanzo wa maandishi haya nilisema ya hovyo, sasa naipa nne, maana zile dakika themanini sijazipata kwenye gemu nyingine yoyote. Tekken tano. PES 6 nne na nusu. San Andreas tano, toa moja kwa ajili ya Zero.

Msiende pale. Au mkitaka kwenda, nendeni Jumamosi asubuhi kabla msimamizi hajaamka, anakaa mdogo wake. Dogo ana adabu, anasema "karibu dada", padi unachagua mwenyewe. Mkiwa na ya kwenu chomekeni tu, mia mbili msimtajie, hajui kama ipo.