Uzoefu wangu wa kukata rufaa ya mgawo wa salfa

Nimetumia huduma ya rufaa za wakulima katika ofisi moja ya kilimo mkoani Mtwara, na ninawaandikia wenzangu wa mikorosho wanaofikiria kuifuata njia hiyo. Shauri langu lilikuwa dogo. Daftari la wakulima lilipohuishwa, shamba langu liliandikwa pungufu, na kwa kuwa mgawo wa salfa ya ruzuku, dawa tunayopulizia mikorosho, hufuata taarifa za daftari, mifuko niliyopangiwa isingetosha hata nusu ya miti.

Mapokezi yalikuwa mazuri, nalisema hilo bila kinyongo. Mtendaji wa kijiji aliniandikia barua ya utambulisho siku ileile, afisa ugani akaja kuhesabu mikorosho, na masijala wakanigongea muhuri kwenye nakala na kunipa namba ya kumbukumbu. Kuanzia hapo jalada likawa halina mwenyewe: wilayani waliniambia linasubiri uthibitisho wa kata, katani wakasema limekwisha kupelekwa wilayani.

Ningevumilia kusubiri kama lingekuwa shauri la mpaka wa kiwanja. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu tunaoukinga kwa salfa, hata hivyo, hushambulia majani machanga na maua, na tunafundishwa kuanza kupuliza mara maua yanapochomoza, kisha kurudia kila baada ya wiki mbili hivi, kazi ambayo huku kwetu huangukia zaidi kati ya Juni na Agosti. Rufaa ya salfa inayojibiwa watu wanapookota korosho haimsaidii mkulima kitu. Afadhali kunyimwa mapema, kwa sababu aliyenyimwa atakopa, atanunua dukani kwa bei kamili, au ataamua sehemu ipi ya shamba aiache. Mimi niliyekuwa nikiambiwa kila mara kwamba shauri linashughulikiwa niliogopa kukopa fedha za kununua kitu ambacho huenda ningepewa kesho yake. (Waliosubiri uhakiki na malipo msimu wa 2018/2019, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanaijua hali hiyo ya kushindwa kupanga lolote.)

Jibu lilifika minada ya kuuzia korosho ikiwa imeanza. Barua ilikubali kwamba daftari lilikosewa na ikaahidi kuwa marekebisho yatazingatiwa msimu ujao. Nimeshinda rufaa, ila maua ya upande usiopulizwa yalikwisha kukauka, na barua haikugusa hasara hiyo hata kwa sentensi moja.

Natoa nyota mbili kati ya tano, zote kwa ajili ya mtendaji, afisa ugani na masijala. Atakayekata rufaa ya pembejeo aipeleke mara tu orodha ya mgawo inapobandikwa, aandike ndani ya barua tarehe anayotarajia kuanza kupuliza, na aombe ajibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo, hata kama jibu lenyewe ni hapana.