Uzoefu wangu: Tuliacha MC, tukakodi mbao za omweso (bao la Uganda) kwa harusi ndogo Jinja

Niseme mapema: huduma hii nimeipenda na pesa yetu haikupotea bure. Ila si ya kila harusi, na wenyewe wana mambo mawili matatu ya kurekebisha.

Harusi ilikuwa ya mdogo wangu wa kike. Kwandhula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, ilishafanyika kijijini Kamuli, na pale wasemaji wa pande mbili walitoana jasho kwa maneno mpaka watu wakashika mbavu. Siku ya ndoa hatukutaka makubwa tena. Nikaha asubuhi, kisha pilau, matoke na kuku nyumbani Walukuba, wageni kama sitini chini ya hema mbili. Bwana harusi kwao ni Tanga, kwa hiyo nusu ya wageni ilikuwa haijui hata majina ya nusu ya pili. MC tuliyemuuliza alitaka 700,000, spika zake, jenereta juu yetu. Watu sitini uani na spika za ukubwa ule! Jirani yako wa meza utamsalimu kwa ishara.

Ndipo shemeji akatuletea namba ya vijana wanaokodisha michezo. Shilingi 280,000 kwa mchana mzima: mbao nne za omweso, keram mbili, ludo kubwa ya turubai ambayo watoto wenyewe ndio kete, karata, na vijana wawili wa kusimamia. Usafiri ndani ya Jinja juu yao. Wana pia kikundi cha embaire kwa malipo ya ziada. Hicho tulikiacha, maana marimba zile kubwa hutandazwa juu ya shimo, na mwenye nyumba alishaanza kuuliza nani atafukia.

Aliyewahi kuandaa harusi anajua saa mbaya ni ipi. Si wakati wa chakula wala wa keki. Ni pale mpiga picha anapowachukua maharusi kwenda Chanzo cha Nile, mnaambiwa ni nusu saa, na jua linahama hema moja hadi jingine hawajarudi. Wageni wameshiba, wanaanza kutazama simu, wa mbali wanauliza basi la mwisho. Saa hiyo ndiyo tuliyoilipia.

Meza ya kwanza kuchangamka ilikuwa ya wazee. Mjomba wa bwana harusi aliuona ubao, safu nne za mashimo manane, akavuta kiti bila kukaribishwa. Kwao bao ni mchezo wa kila jioni. Akakaa mbele ya baba yetu mkubwa, akahesabu mbegu, akaanza kutafuta kwa kidole lile shimo kuu ambalo kwao huitwa nyumba.

"Kaka, nyumba iko wapi hapa?"

"Nyumba gani? Hapa pote ni shamba."

Basi ikawa kesi. Kwa mjomba, mchezo huanza na kete chache ubaoni, kumi kila upande, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Kwa baba mkubwa, zote 32 zako unazipanga ubaoni tangu mwanzo, unavyotaka wewe, na mwenzako naye anapanga zake. Kwa mjomba, unakula shimo la mbele tu. Kwa baba mkubwa, mbegu yako ya mwisho ikiangukia shimo lako la ndani lenye mbegu, na mashimo mawili ya mpinzani yaliyo mkabala yote yana kitu, unabeba yote mawili, la mbele na la nyuma, kisha unazipanda upya kuanzia pale ulipotokea. Mara ya kwanza alipobebwa hivyo, mjomba alisimama, akawaita ndugu zake waje kushuhudia wizi. Walikuja. Wakabaki hapo hapo, wakimshauri kwa sauti, wa Tanga na wa Kamuli pamoja, kila mmoja ana mkono wake juu ya ubao. Kijana msimamizi hakuingilia ila mbegu zilipohamishwa kwa siri, na alifanya hivyo kwa heshima, akimwita kila mtu "mzee". Hapo ndipo nilipoona pesa inafanya kazi.

Mzee mmoja alinung'unika kwamba zamani mwanamke hakukaa kwenye omweso. Senga (shangazi) wetu wa Iganga akamwambia asogee, akacheza naye. Mzee alifungwa, akaomba tena, akafungwa tena, na hakuondoka kwenye kile kiti mpaka keki.

Jambo jingine lililonipendeza ni kwamba vijana wanajua mila. Kwetu mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe, na ukiwaachia wageni wajipange wenyewe unaweza kuzua balaa kwa sababu ya kiti kimoja kitupu. Kabla hawajafungua mikoba waliuliza nani ni nani, wakaweka keram upande wa mbali na mama. Karata nazo walizirudisha mfukoni shehe alipoingia, bila kuambiwa. Omweso hakuna aliyeupinga.

Sasa malalamiko. Walichelewa saa nzima, kisingizio mvua, na mvua yenyewe ilinyesha Bugembe, si kwetu. Ubao mmoja ulikuja na mbegu 61 badala ya 64. Dada yangu mkubwa alizihesabu wangali getini, wakakubali na kuziba pengo kwa kokoto. Nawe hesabu pale pale, kwa sababu amana ni 50,000 na jioni watahesabu wao. Halafu poda ya keram: waliimwaga kama unga wa chapati, na gomesi ya shangazi mmoja, gauni la hariri ya kijani, ilitoka na kiganja cheupe mgongoni. Leteni kitambaa, jamani.

Ukitaka watu wacheze muziki usiku kucha, hawa si wako. Ukiwa na wageni mia na zaidi pia usijisumbue, kwani mbao nne zitakuwa na foleni na wengine watarudi kwenye simu zao. Kwa harusi ya uani, ya familia mbili zisizojuana, nawapa nne kwa tano. Amana yetu ilirudi kwa simu jioni ile ile, wamekata 5,000 ya dadu kubwa la ludo ambalo mbwa wa jirani alilitafuna pembe. Hilo sikubishana nao.