Otomatiki ya gia 4 au CVT kwa barabara za Mombasa

Toyota Probox za otomatiki zilizoanza kutoka mwaka 2002 zina giaboksi ya gia 4, ilhali toleo la mwaka 2014 lilikuja na CVT, ambayo haina hatua za gia bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazobadilika upana. CVT hula mafuta kidogo zaidi.

Hata hivyo, katika foleni ya Changamwe wakati wa jua kali, oili ya giaboksi hupata moto sana, na hapo ndipo CVT huumia: gari hutetemeka likiondoka, husikika mvumo unaopanda na mwendo, na mkanda ukianza kuteleza hukwaruza puli, hata mafundi wengi huona heri kubadilisha giaboksi nzima. Ya gia 4 nayo ikiumia huchelewa kuingia D (nafasi ya kwenda mbele), hugonga inapobadilisha gia, na oili yake hugeuka nyeusi yenye harufu ya kuungua, lakini sahani zake za klachi hubadilishika.

Kwa kazi ya mizigo ningechagua gia 4. Mwenye CVT naye asikubali kamwe kutiliwa oili ya otomatiki ya kawaida, kwani mkanda hushika puli kwa msaada wa oili yake maalumu.