Kitabu cha shilingi 300 hapa Lamu kimeninyima usingizi

Jamani kama mko Lamu na mwapenda kusoma, piteni kwa yule mzee anayeuza vitabu vya mtumba kibarazani kwake, mtoke Mkunguni mshike Usita wa Mui. Bango hana, ulizeni tu. Mimi nlifata kamusi ya mtoto nkatoka na historia ya Uingereza, shilingi 300, kava limeliwa na chumvi.

Chazungumzia askari wa Bunge walioasi 1649 na vile serikali yao wenyewe iliwafanya. Yaani hawa ndo walopigana mpaka mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa Januari mwaka huohuo, sasa wadai mishahara ya nyuma, waambiwa waende vitani Ireland kwanza, wakagoma. Aprili mmoja wao, kijana Robert Lockyer, akapigwa risasi London, na mazikoni kwake maelfu wakatoka na riboni za kijani. Mei, majemadari wao Cromwell na Fairfax wakavamia waasi wengine usiku kule Burford, wakafungia kama 340 kanisani, tarehe 17 wakawatoa watatu wakawaua ukutani, wenzao wanatazama toka juu ya paa. Siku mbili baadae Chuo cha Oxford kikawapa Cromwell na Fairfax digrii za heshima!

Kuna picha moja nliitazama sana. Ni chombo cha kubatizia mle kanisani, ukingoni kina risasi, yale madini, na mfungwa mmoja, Anthony Sedley, kachonga jina lake, mwaka 1649 na neno mfungwa, tena kakosea herufi. Nadhani hakujua kama atatoka hai.

Mwandishi asema serikali haikuwa na njia nyengine, maadui walikuwa kila upande. Sikubali. Mimi hoteli moja ilikaa na mshahara wangu miezi mitatu, tulipokwenda kuuliza pamoja wawili wakafukuzwa siku ileile, kwa hivyo naijua ile hali ya kudai jasho lako ukageuzwa mkorofi.

Kasoro, kurasa nne za katikati hazipo. Nlipomrejeshea mzee hakubishana, "Niwie radhi mwanangu, sikuzihesabu", akanirudishia 100 na kitabu nkabaki nacho. Ukimaliza chako pia wabadilisha kwa kuongeza hamsini. Adhuhuri hufunga mpaka baada ya laasiri, nendeni asubuhi. Kuna kingine cha askari walewale 1647 pale Ware, watatu walihukumiwa kufa wakarushishwa dadu auawe mmoja, hicho msikiguse nshamwambia aniwekee.